Calle Mayor: kwa nini Isabel hakupanda ile treni?

Mtu akimaliza kuangalia Calle Mayor, ile filamu ya Hispania ya mwaka 1956, ya rangi nyeusi na nyeupe, swali linalomtoka mara nyingi ni hilohilo: sasa huyu dada mbona hakupanda treni? Si alishaambiwa ukweli wote, si stesheni alifika kwa miguu yake, si dirisha la tiketi lilikuwa mbele yake, mbona akageuka akarudi kulekule walikomdhalilisha? Na kabla hata ya hilo swali kuna mkanganyiko mwingine, maana kuna waliosikia ni filamu ya mapenzi, kuna waliosikia ni kichekesho kwa vile imetokana na tamthilia ya kuchekesha, kuna wanaoamini ni kisa cha kweli cha mji fulani, na wapo wanaosema serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wa wakati ule, iliipiga marufuku kabisa. Yote hayo yana kaukweli kidogo ndani yake na ndo maana yanachanganya. Ngoja tuifungue taratibu tukianzia mambo mepesi. Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na hutaki kujua, iangalie kwanza.

Aliyeiongoza na kuiandika ni Juan Antonio Bardem, mzaliwa wa Madrid mwaka 1922, mjomba wake Javier Bardem huyu muigizaji mnayemjua wa siku hizi. Calle Mayor ni jina la barabara kuu ya mji, ile ambayo miji mingi ya Hispania inayo, watu wakitoka kanisani au kazini wanapita hapo, jioni wanatembea kwenda na kurudi, wanasalimiana, wanaangaliana nguo, wanahesabu nani yuko na nani. Kitu cha pili cha kuweka sawa ni Casino. Ukisikia wanaume wa kwenye filamu wanakutana Casino usifikirie kamari za Las Vegas, hii ni klabu ya mabwana wa mji, yenye viti vizuri na vioo vikubwa vya kuangalia barabarani, na siku za sherehe dansi la mji linafanyika ukumbini humo. Kwa lugha yetu ni kijiwe, tofauti ni kwamba hiki kina ada na kina heshima zake. Cha tatu ni uchumba wenyewe, ambao kwenye mji wa namna hii sio siri ya watu wawili, mwanaume na mwanamke wakionekana pamoja barabara kuu mara mbili tatu basi mji mzima umeshajua na umeshaanza kungoja tarehe.

Sasa kisa. Isabel ana miaka 35, hajaolewa, anaishi na mama yake mjane na mfanyakazi wa ndani mzee aliyemlea. Kwenye mji huo mwanamke wa umri huo ambaye hajaolewa ameshapewa jina lake na nafasi yake, watu wanamsalimia vizuri ila kwa ule upole wa kumwonea huruma. Upande wa pili kuna kundi la wanaume wa makamo, watu wenye kazi zao za heshima, ambao uchovu wa mji mdogo umewafanya waishi kwa kuchezea watu shere. Filamu inafunguka na mzaha wao mmoja: gari la maiti na jeneza vinafika nyumbani kwa don Tomás, mzee msomi wa mji, wakati mwenyewe yuko hai mzima. Wao wanacheka. Angalia hicho kipande vizuri, usikipite haraka, kwa sababu Bardem anakuonesha tangu dakika za mwanzo hawa watu ni wa aina gani na ni kitu gani kinawachekesha. Kutoka kumchezea mzee kwa jeneza mpaka kumchezea mwanamke kwa pete ni hatua moja tu.

Mgeni kwenye kundi ni Juan, amehamia mjini kikazi, anafanya kazi benki, ni mtanashati na hajaoa. Wenzake wanampa kazi: ajifanye anampenda Isabel, amchumbie, wafike mpaka mji wote uamini, halafu kwenye dansi kubwa la Casino, pale ambapo uchumba ungetangazwa, ukweli utoke na watu wacheke. Juan anasitasita, halafu anakubali. Anamtamkia mapenzi katikati ya maandamano ya kidini, kelele zimejaa, watu wamejaa, na Isabel, ambaye kwa hesabu zake mwenyewe alishafunga huo ukurasa wa maisha, anaamini.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, maana dhana potofu ya kwanza ni kwamba Isabel ni mjinga. Nimesikia watu wakisema mwanamke wa miaka 35 anawezaje kupigwa changa la macho kirahisi hivo. Jamani, sio kirahisi. Mtu anayekutapeli peke yake ana kazi ya kutunza uongo wake, ukiuliza pembeni unaweza kumgundua, jirani akikuonya unastuka. Isabel angemuuliza nani? Mama yake anafurahi kuliko yeye. Yaya mzee anafurahi. Mji unampongeza. Wanaojua ni wale wanaume wa Casino, na hao ndo walioutunga uongo wenyewe. Kila ushahidi ambao mtu mwenye akili timamu angeutafuta kuhakikisha kama anapendwa kweli, Isabel anao: mwanaume anajitokeza hadharani, anaonekana naye barabara kuu mchana kweupe, anafika nyumbani kwao. Kwa sheria za mji ule huyo ni mchumba kamili. Waliomdanganya hawakuvunja hizo sheria, walizitumia.

Fikiria upatu. Kila mwanachama anatoa kidogo, hela ambayo peke yake wala haiumi, lakini siku ya mzunguko kuna mmoja anapokea fungu lote. Ule mzaha wa Casino unaendeshwa hivohivo. Mmoja ametoa wazo tu, mwingine kamsukuma Juan kidogo, mwingine kaongeza maneno mtaani, mwingine kacheka tu na kunyamaza. Ukiwauliza mmojammoja kila mtu atakwambia mimi sikufanya kitu, na kwa sehemu yake ni kama kweli. Fungu lote linamwangukia Isabel. Ndo maana ukiitafuta filamu hii ubaya wake uko kwa nani hasa unapata shida, hakuna jitu katili limekaa pale linasugua mikono, kuna wanaume wa kawaida wanaokunywa, wanaopiga soga, wanaochoka, na hakuna hata mmoja anayemchukia Isabel. Hiyo sehemu ya kutomchukia ndo inayonitisha mimi kuliko yote.

Kuna scene moja ambayo kama una muda wa kuangalia scene moja tu, angalia hiyo. Isabel anampeleka Juan kwenye jengo ambalo bado linajengwa. Anaingia naye kwenye nyumba isiyo na madirisha, haina milango, saruji tupu, na anaanza kumwonesha: hapa pakae hiki, pale pakae kile, huku chumba. Anatembea ndani ya kuta zisizokamilika kama mtu aliyeshahamia. Betsy Blair, aliyeigiza Isabel, hatoi machozi wala hafanyi kitu kikubwa, anafurahi tu, na furaha yenyewe ni ya mtu anayejua kupanga nyumba kwa sababu ameipanga kichwani miaka na miaka. Wewe unayeangalia unajua ukweli, Juan anajua ukweli, ni yeye pekee asiyejua. Kamera haimcheki hata sekunde moja. Hapo ndo unapata jibu la wale wanaosema ni kichekesho.

Maana tuseme ukweli, hilo la kichekesho lina asili yake. Bardem alichukua kisa kutoka kwenye tamthilia ya jukwaani ya Carlos Arniches, La señorita de Trevélez, iliyooneshwa mara ya kwanza Madrid mwaka 1916. Mule kuna kundi la vijana wa mzaha, kuna mwanamke asiyeolewa anayeitwa Florita, kuna barua ya mapenzi ya uongo, na kuna kaka yake Florita, don Gonzalo, anayempenda dada yake kuliko kitu chochote. Arniches anachekesha kweli, watu walicheka na waliumia pia, lakini Florita amechorwa kama mtu wa kuchekesha, umri wake, mbwembwe zake, na uchungu mkubwa wa tamthilia unabebwa na kaka yake. Mwaka 1936 Edgar Neville alishaifanya filamu. Alichofanya Bardem miaka ishirini baadaye ni kumwondoa kaka kabisa, kuiondoa ile mbwembwe, na kumuweka mwanamke mwenyewe katikati, akiwa mtu mzima mwenye sura nzuri na akili zake. Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye tamthilia mtazamaji anaweza kujiambia kwa hali ile ya Florita nani angemuoa. Bardem amekuziba hiyo njia. Hakuna sababu yoyote ya Isabel kutopendwa isipokuwa mji umeshaamua muda wake umepita.

Na huyo Betsy Blair, wengi wanamdhania Mhispania, hapana, alikuwa Mmarekani. Mwaka 1955 alitoka kuigiza kwenye Marty, kama mwalimu mpweke ambaye wanaume wanampita, filamu iliyochukua Oscar ya filamu bora na yeye mwenyewe akapendekezwa kuwania Oscar ya muigizaji msaidizi. Huko kwao alikuwa ameshaonja kuwekwa kwenye orodha ya watu wasiopewa kazi kwa sababu ya misimamo yake ya mrengo wa kushoto. Kihispania unachokisikia kwenye Calle Mayor sio sauti yake, aliingiziwa sauti, jambo ambalo wala halikuwa geni Hispania kwa vile tangu 1941 serikali ilikuwa imeagiza filamu zote za nje ziongee Kihispania na watazamaji walishazoea. Cha kushangaza ni kwamba hilo halipunguzi kitu, kwa sababu anaigiza kwa macho na kwa jinsi anavyoshika mkoba wake.

Twende kwa Juan, aliyeigizwa na José Suárez. Dhana potofu ya pili, na hii inatoka kwa watu wenye moyo mzuri, ni kwamba Juan mwishoni alimpenda Isabel kweli ila akachelewa. Nimeiangalia nikitafuta hilo penzi, silioni. Ninachokiona ni aibu na woga. Anajua anachokifanya ni kibaya, hapati usingizi nacho, anakimbilia danguroni kwa Tonia, mwanamke ambaye yeye ndo anampenda Juan kweli na hapati kitu, na Juan anamlilia huyo Tonia, anajionea huruma. Anataka mzaha uishe lakini anataka mtu mwingine auzime. Akimwambia Isabel atamuumiza, akiwaambia marafiki basi ameacha wataona hana uanaume, kwa hiyo hamwambii yeyote na kila siku inayopita Isabel anazama zaidi. Tofauti ya aibu na penzi ni hii: aliyependa angekubali kuonekana mbaya ili mwenzake asiumie zaidi, Juan anataka asionekane mbaya, basi. Ninaposema hivi simtetei wala simwongezei dhambi, nasema tu kwamba tukiigeuza kuwa hadithi ya mapenzi yaliyochelewa tunampa Juan kitu ambacho filamu yenyewe imekataa kumpa.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, Hispania ya 1956. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliisha 1939, Franco akatawala mpaka alipofariki Novemba 1975. Katikati ya hapo maisha ya mwanamke yaliwekewa uzio wa sheria pamoja na uzio wa kanisa na majirani. Binti alihesabika mtu mzima akiwa na miaka 21, lakini mpaka 1972 hakuruhusiwa kutoka nyumbani kwa wazazi bila idhini yao kabla hajafika miaka 25, isipokuwa anatoka kwenda kuolewa au kwenda kuwa mtawa. Mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kuajiriwa au kufungua akaunti benki, na hilo liliendelea mpaka 1975. Talaka iliyokuwa imeruhusiwa mwaka 1932 enzi za Jamhuri, utawala uliokuwepo kabla yake, ilifutwa na Franco, ikarudi 1981 tu. Na kulikuwa na utumishi wa lazima wa wanawake wasioolewa, chini ya tawi la wanawake la chama tawala lililoongozwa na Pilar Primo de Rivera, wenye umri kati ya miaka 17 na 35, bila cheti chake hupati pasipoti wala kazi serikalini, na mafunzo yake yalijaa mambo ya kuwa mke na mama.

Sasa weka Isabel katikati ya hayo. Ana miaka 35. Ile sheria ya 25 haimgusi tena, mumewe hayupo wa kumnyima ruhusa, kwa karatasi yeye ni huru kuliko rafiki zake walioolewa. Angeweza kupanda treni na hakuna askari ambaye angemshusha. Hiki ndo kitu kinachopotea tukisema haraka haraka kwamba alizuiwa na udikteta. Sheria haikumzuia kwenye dirisha la tiketi. Kilichofanyika kilifanyika miaka mingi kabla: amelelewa kwa ajili ya kazi moja tu, kuolewa, na nchi nzima, shule, kanisa, serikali, barabara kuu, vyote vimemwambia kwamba nje ya hapo hakuna mtu anayeitwa Isabel. Hajafundishwa kazi ya kumlisha, hana hela zake, hana mtu Madrid. Na lile jambo analolitamani, ndoa, ndo lilelile ambalo kisheria lingemuweka chini ya sahihi ya mume mpaka kwenye akaunti ya benki. Juan hakumwibia Isabel uhuru, alimuahidi kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa njia pekee iliyoachwa wazi ya kuhesabika mtu, na alipoiondoa hiyo ahadi hakukuwa na kingine chini yake.

Hapo utaelewa kwa nini mzaha ule usingewezekana kwa mwanaume. Don Tomás aliletewa jeneza, akakasirika, kesho akaendelea kuwa don Tomás, na vitabu vyake vipo na heshima yake ipo. Isabel wakimcheka kwenye dansi haitakuwa usiku mmoja mbaya. Barabara ni ileile, kila jioni, maisha yote.

Kuhusu Franco kuipiga marufuku: haikupigwa marufuku, ilikaguliwa, na hivo ni vitu viwili tofauti. Wakati ule muswada wa filamu unapelekwa kwa wakaguzi kabla hujapiga picha, halafu filamu yenyewe inakaguliwa tena. Calle Mayor ilipita lakini ikawekewa sauti ya msimulizi mwanzoni inayosema kisa hiki hakina mahali maalumu, kingeweza kutokea kwenye mji wowote wa nchi yoyote. Ukiisikia bila kujua unadhani ni mapambo ya kishairi. Ilikuwa ni namna ya kusema msifikirie tunazungumzia Hispania. Halafu picha inaanza na unaona mapadri wa Kihispania, maandamano ya Kihispania, barabara kuu ya Kihispania, wala huhitaji kuambiwa. Waliomlazimisha Bardem kusema ni popote walimsaidia bila kujua, maana wenyeji walijua ni wapi na wageni wakajiona na wao wamo.

Hilo linajibu pia wale wa kisa cha kweli. Mji wa kwenye filamu haupo. Picha zilipigwa Cuenca, Logroño na Palencia, vikaungwa vikawa mji mmoja, ukitoka kona ya huku unatokea nguzo za kule. Na kazi yenyewe nusura ife njiani. Februari 1956 wanafunzi wa chuo kikuu walileta vurugu Madrid dhidi ya serikali, na Bardem, ambaye alikuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti kwa siri na polisi walimjua, alikamatwa Palencia katikati ya kupiga picha. Kazi ikasimama mpaka alipoachiwa. Lilikuwa jambo la kutegemewa kwa sababu Mei 1955, kwenye mazungumzo ya watu wa filamu yaliyofanyika Salamanca, alisimama akasema filamu za Hispania za wakati ule kisiasa hazina kazi, kijamii ni za uongo, kiakili ziko chini kabisa, kisanaa ni sifuri na kiviwanda zimedumaa. Mtu anasema hayo hadharani, chini ya Franco. Mwaka huohuo filamu yake ya Muerte de un ciclista ilikuwa imechukua tuzo ya wakosoaji wa kimataifa kwenye tamasha la filamu la Cannes, na Calle Mayor ikaenda kuchukua tuzo kama hiyo kwenye tamasha la Venice 1956, mwaka ambao majaji wa Venice hawakumpa mtu yeyote Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo.

Naelewa kuna watu wanaisoma filamu nzima kama fumbo la kisiasa, Isabel ndo Hispania iliyodanganywa, wanaume wa Casino ndo wenye nchi. Unaweza kuisoma hivo, Bardem alikuwa mtu wa siasa na alijua anachofanya. Ila mimi naona ukikimbilia fumbo haraka unamkwepa mwanamke aliye mbele yako. Alipata shida kama Isabel kabla hajapata shida kama nchi.

Turudi stesheni, na turudi kwa Federico, maana bila yeye ile treni haieleweki. Federico ni rafiki wa Juan kutoka Madrid, msomi, anakuja mjini, anagundua mzaha, anamwambia Juan waziwazi amwambie dada wa watu ukweli. Juan anashindwa. Federico anaamua kwenda mwenyewe, anamkuta Isabel kwenye ukumbi wa Casino ambao unaandaliwa kwa ajili ya dansi, yeye akiwa na furaha zote za usiku unaokuja, na anamwambia yote. Halafu anamwambia aondoke, apande treni, aende Madrid, asikubali kubaki hapa.

Watu wengi wanamuweka Federico kwenye kiti cha shujaa, na ni kweli kwamba yeye pekee ndo alifanya kitu sahihi kwenye mji mzima. Bila yeye Isabel angeingia kwenye dansi na kuchinjwa mbele ya kadamnasi. Lakini angalia alichompa. Alimpa ukweli, na alimpa agizo la kusafiri. Anavyosema ni kama kuondoka ni jambo la kuamua tu, na kwake yeye ndivyo lilivyo, kwa sababu yeye akishuka Madrid ana kitanda, ana kazi, ana marafiki wa kubishana nao kuhusu vitabu. Isabel anafika kwenye dirisha la tiketi na karani anamuuliza swali la kawaida kabisa ambalo anamuuliza kila abiria: kwenda wapi? Anashindwa kujibu. Nimeona watu wanasema alikosa ujasiri pale. Sidhani. Ujasiri angekuwa nao angejibu nini? Madrid, sawa, halafu akishuka Madrid anageukia upande gani, analala kwa nani, anajitambulisha kama nani, anakula nini wiki ya pili? Lile ni swali la kweli na jibu la kweli alikuwa hana, na ndani ya dakika moja ya kusimama mbele ya karani anayengoja hakuna binadamu anayeweza kujitengenezea maisha ambayo miaka 35 hakuna aliyemruhusu hata kuyafikiria.

Kwa hiyo anarudi kwa mguu, mvua inanyesha, anapita barabara kuu kutoka mwanzo mpaka mwisho na wale wanaume wako nyuma ya kioo cha Casino wanamwangalia. Wanaosema hapo ameshindwa kabisa, sawa, ni usomaji mmoja. Mimi naona kuna kitu kingine pia: angeweza kupita vichochoroni. Mji mdogo una njia nyingi za nyuma kwa mtu anayejificha. Yeye anapita pale wanapomwona, na safari hii anajua kila kitu wanachokijua wao. Sio ushindi, nisidanganye, anarudi kwenye nyumba ileile. Ila ule mzaha ulihitaji asiwe anajua na wao wawe wanacheka, na wakati anapita vyote viwili vimekwisha.

Bardem aliirudia hali ya namna hii mwaka 1963 kwenye Nunca pasa nada, mji mdogo mwingine, watu wengine wanaokosa hewa, na wakosoaji waliiona kama kivuli cha hii. Ukitaka kuangalia zote mbili anza na Calle Mayor, na ukifika stesheni muda si wa kumkasirikia Isabel, msikilize karani.